Atomic 4: Injini kuukuu ya boti, iwashe kwa adabu

Wadau wa spea na mitumba, leo tuongelee Atomic 4. Ni injini ya petroli ya silinda 4 iliyotengenezwa na Universal kule Marekani, kuanzia miaka ya 1940 hadi 1980. Mpaka leo zipo nyingi ndani ya boti za matanga. Mteja akikuuliza inawashwaje, mjibu hivi:

1. Nusa kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama kwenye ngama. Cheche moja tu, boti inalipuka. Washa feni ya kutoa mvuke angalau dakika 4, nusa tena. Harufu ikiwepo, usiguse selfu.

2. Vuta choki, piga selfu kidogo kidogo. Ikigoma, funga koki ya maji ya bahari. Usipofunga, pampu inajaza maji kwenye ekzosi, yanarudi mpaka kwenye silinda. Hapo injini imekwisha.

3. Ikiwaka tu, fungua koki, hakikisha maji yanatoka na moshi.

Ilikaa muda mrefu? Mwaga petroli ya zamani, safisha kabureta na plagi, badilisha impela ya pampu.

Bei mtapatana. Ila habari ya feni usiiache, hapo ni uhai wa mtu.