Tovuti ya wanachama na lugha ya ahadi

Katika kitivo chetu tumezoea kufikiri kwamba tovuti ni kazi ya watu wa informatiki na wa uchumi. Mwanaisimu huitwa mwishoni, asahihishe tahajia, apewe soda, aende zake. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kuna aina moja ya tovuti ambayo husimama au huanguka kwa mambo tunayojifunza sisi: tovuti ya wanachama, ile inayofunguliwa kwa waliolipa tu. Nina sababu yangu ya kuiandikia. Tangu mwaka jana mimi na wenzangu watatu wa lugha za Kiafrika tunatayarisha masomo ya Kiswahili kwa watoto wa Wakongo wanaokaa Ubelgiji na Ufaransa. Wazazi watalipa kila mwezi, nasi tutawapa sauti, maandishi na mazoezi. Bado hatujafungua. Kabla ya kupokea pesa ya mtu yeyote tulitaka kuelewa kazi hii inavyokwenda na inavyoharibika, na karibu kila tulipogusa tulikuta suala la lugha.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Lubumbashi watu husema abonema. Mtu ana abonema ya televisheni. Asipolipa, picha inazimika, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mwanachama ni neno la ukoo mwingine: mwana wa chama. Mwana huuliza, hununa, hudai kujua mali ya nyumbani imekwenda wapi. Kwa hiyo anayeandika "Uwe mwanachama" juu ya kitufe cha malipo ameuza masomo na kitu kingine juu yake, na hicho kingine ndicho kitakachomsumbua baadaye.

Mfano ulionifundisha zaidi unatoka Uholanzi. Mwaka 2013 mwandishi wa habari Rob Wijnberg na wenzake walitangaza gazeti la mtandaoni lisilo na matangazo ya biashara, De Correspondent. Waliomba watu 15,000 walipe euro 60 kila mmoja kabla hata ya makala ya kwanza kuandikwa. Katika siku nane walivuka euro milioni moja. Gazeti lilianza mwezi wa Septemba mwaka huohuo, na kwa Kiholanzi linaendelea. Huo ulikuwa uzinduzi safi: lugha moja, nchi moja ndogo, na mtangazaji ambaye wasomaji walikwisha kumjua.

Baadaye wakataka kufanya vilevile kwa Kiingereza. Waanzilishi walihamia New York kutayarisha kampeni, wakapata mabalozi Wamarekani wenye majina makubwa, na profesa wa uandishi wa habari wa huko, Jay Rosen, akawa mshauri wao. Mwishoni mwa mwaka 2018 walikusanya dola milioni 2.6 kutoka kwa watu karibu 46,000, wa nchi zaidi ya 130, kila mmoja akilipa kiasi alichochagua. Mwezi wa Machi 2019 wakatangaza kwamba makao ya gazeti yatakuwa Amsterdam, wala hakutakuwa na ofisi ya habari New York. Watu wakawaka. Wengi walikuwa wameelewa kwamba wanachangia gazeti litakalokaa Marekani. Waanzilishi waliomba radhi kwa maandishi. The Correspondent ilianza tarehe 30 Septemba 2019, na tarehe 1 Januari 2021 haikuwapo tena.

Sidai kwamba neno moja liliua gazeti. Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa korona, na watu wengi walibana mifuko. Lakini hasira ya Machi 2019 ni somo la isimu kamili, na nashangaa kwamba hatujalisoma darasani. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, alieleza kwamba msikilizaji haishii kwenye maneno yaliyosemwa. Hudhani kwamba msemaji anatoa habari zinazotosha na zinazohusika, kisha hujaza mwenyewe kilichobaki. Ukimwambia mgeni "kuna mkahawa pale kona", ataelewa kwamba uko wazi. Hukusema hivyo. Lakini ukijua kwamba umefungwa na ukanyamaza, atakaporudi na njaa hutajitetea kwa sarufi.

Sasa tazama kampeni ile: ofisi ya New York, mabalozi wa Kimarekani, dola. Msomaji akajaza nafasi kama tunavyojaza sote. Wenye gazeti wangeweza kutafuta katika kila ukurasa mahali walipoahidi ofisi ya kudumu. Mwanachama hakuwa amenunua ukurasa, alikuwa amenunua alichoelewa. Hivyo somo la kwanza la uzinduzi, kwa maoni yangu, linaangukia kwetu wanafunzi wa pragmatiki kuliko kwa mwenye hesabu: kabla ya kufungua mlango, mpe tangazo mtu asiyejua lolote juu ya mradi, halafu usimuulize kama amelipenda. Muulize anatarajia kupata nini, lini, na kutoka kwa nani. Andika majibu yake. Kila jibu ambalo halimo katika mpango wako ni deni.

Sisi tulifanya hivyo na tangazo letu la kwanza, lililosema "Masomo ya Kiswahili kwa watoto wa Kongo". Tuliwasomea wazazi watano kwa simu. Wanne walitarajia kwamba mtoto ataweza kuongea na bibi yake aliyebaki Katuba au Kenya (Kenya ya hapa mjini, si ile ya Nairobi). Wa tano alitaka mtoto asome vitabu na kufaulu mitihani. Hapo ndipo New York yetu ilipokuwa imejificha: katika neno Kiswahili. Bibi wa Katuba husema "niko naenda", husema "batoto" na "bitabu", na mahali kwake ni "fasi". Masomo tuliyokuwa tumerekodi yalisema "ninakwenda", "watoto", "vitabu". Mtoto angesoma mwaka mzima, angempigia bibi simu, na bibi angemsikia kama mtangazaji wa redio wa Dar es Salaam. Hakuna neno la uongo katika tangazo. Na mzazi angekuwa na haki ya kununa.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye saa. Wanaoshauri wenye tovuti hizi hupenda kuanza na vyombo vya kuokoa muda, na hawakosei kabisa. Mwanachama analipa kila mwezi, kwa hiyo kazi ndogondogo pia hurudi kila mwezi: kumkumbusha aliyechelewa, kumkaribisha mgeni, kumjibu aliyesahau neno la siri. Tuseme wanachama ni 60 na ukumbusho mmoja unachukua dakika 4. Ni saa 4 kila mwezi, na mwanafunzi ana kazi ya utafiti, ana zamu ya maji nyumbani, na umeme haumngoji. Chombo cha kwanza basi ni kiolezo: barua moja yenye nafasi tupu, ambayo programu huzijaza kutoka katika jedwali la majina. LibreOffice hufanya hivyo bila malipo, na bila intaneti hadi dakika ya kutuma. WordPress, ambayo inaendesha zaidi ya sehemu 40 kwa mia za tovuti za dunia, ina viongezi vingi vya kusimamia malipo na milango ya wanachama. Hapo sina la kuongeza, wenzetu wa informatiki wanajua zaidi.

Ninachoweza kuongeza ni hiki: violezo karibu vyote vimeundwa na watu wa lugha zisizo na ngeli. Programu inakupa sentensi ya namna ya "[kitu] imeongezwa", ujaze jina la kitu. Jaza makala: makala imeongezwa, sawa. Jaza kitabu, inakuwa "kitabu imeongezwa". Zoezi linataka li-, wimbo unataka u-. Kwa Kiswahili sanifu ungehitaji kiolezo kwa kila ngeli, na muda uliotaka kuuokoa umekwisha. (Kwa masikio ya Lubumbashi, ambako watu wengi husema "kitabu yangu" bila kusita, kiolezo kibovu hupita salama. Lugha yetu ya mtaani ilikuwa tayari kwa kompyuta kabla ya ile ya vitabu.)

Dawa ni kumhamisha mtenda. "Tumeongeza kitabu", "tumeongeza zoezi", "tumeongeza wimbo": kiambishi ni cha sisi tunaoongeza, jina limekwenda kukaa nyuma ya kitenzi, na kiolezo kimoja kinatosha. Ila usiongeze kivumishi, maana upya utakurudisha kulekule: kipya, jipya, mpya. Sema "wiki hii". Na hesabu pia ina ujanja wake. Ukiandika "umebakiza miezi 3", siku moja programu itaandika "miezi 1". Siku na wiki hazibadiliki katika umoja na wingi, kwa hiyo hesabu muda wa uanachama kwa siku au kwa wiki, na suala limekwisha. Mfaransa hana bahati hiyo kwa siku na wiki. Tena yeye, kabla hajafika kwenye hesabu, ameshakwama kwenye salamu, achague kati ya "Cher" na "Chère". Sisi "Mpendwa" inatutosha kwa wote.

Inatosha kwa sarufi, haitoshi kwa heshima. Kiolezo kikichukua jina la kwanza katika jedwali, baba wa miaka 55 atapokea barua ya "Mpendwa Jean" kutoka kwa kijana wa miaka 24. Huko Ulaya labda amezoea kuitwa hivyo na benki. Kutoka Lubumbashi hatalipokea hivyo. Katika jedwali letu tumeongeza safu moja, "namna ya kuitwa", na mzazi huijaza mwenyewe anapojiandikisha: Papa fulani, Mama fulani, Mama wa fulani, Profesa. Safu hiyo ilituchukua dakika chache kuiunda. Wazazi watatu kati ya watano waliojaribu walitaja jina la mtoto, yaani wanataka kuitwa kwa uzazi wao, jambo ambalo hakuna fomu ya kigeni ingetuuliza.

Chombo kingine ni cha kutafuta maandishi, kile tunachokitumia katika kopasi, na hapa uokoaji wa muda na lugha ya ahadi vinakutana. Katika tangazo la uzinduzi, kiambishi -ta- ni hati ya deni. "Tumerekodi masomo 12" ni taarifa, mtu anaweza kuyahesabu. "Tutatoa somo kila wiki" ni mkataba, na mkataba huo utakuwapo hata wiki ya mitihani, hata wiki mmoja wetu anaugua malaria. Kwa hiyo tuliiagiza programu itafute kila neno linaloanza na "tuta". Ilileta uchafu pia: "tutazame", "tutafute", "tutamke", ambayo ni dhamira tiifu isiyoahidi kitu, na mara moja tuta la viazi kutoka katika hadithi ya somo la nane. Baada ya kuchambua zilibaki ahadi 17 katika ukurasa mmoja na nusu. Kumi na saba, kwa watu wanne wenye kompyuta mbili! Tulipitia moja moja. Zile ambazo kazi yake ilikwisha fanyika tuliziandika upya kwa -me-. Zile zilizotegemea idadi ya watu tuliziwekea sharti: wazazi wakifika 30, tutarekodi masomo mengine 12. Nyingine tulizifuta, pamoja na ile niliyoipenda mimi mwenyewe, ya mazungumzo ya video kila Jumamosi.

Kimilikishi "yetu" nacho kilituletea kelele. "Tovuti yetu" ni ya nani? Kiswahili hakitofautishi sisi ya kumjumuisha msikilizaji na sisi ya kumwacha nje, kama zinavyofanya baadhi ya lugha. Mwenye tovuti hufaidika na utata huo wakati wa kukusanya pesa, na hulipa wakati wa maamuzi, mwanachama anapouliza kwa nini tovuti yake imebadilishwa bila yeye. Tumeamua kusema waziwazi mwanachama anapiga kura juu ya nini (mada za masomo) na hapigi juu ya nini (bei na walimu).

Limebaki lile la bibi wa Katuba. Mwenzetu mmoja anasema tufundishe sanifu tu, kwa kuwa ina kamusi na mtoto ataitumia hadi Mombasa. Mwingine anasema mzazi halipi kwa ajili ya Mombasa. Kila somo sasa lina rekodi mbili, moja ya sanifu na moja ya Lubumbashi, jambo lililoongeza kazi karibu mara mbili na kutupunguzia masomo ya kuanzia kutoka 12 hadi 7. Mstari wa kwanza wa tangazo unasomeka hivi: "Masomo 7 yako tayari. Kila somo lina Kiswahili cha vitabu na Kiswahili cha Lubumbashi. Somo la nane halijarekodiwa." Mwenzetu wa uchumi aliyetusaidia kupanga bei anadai kwamba sentensi ya mwisho itafukuza nusu ya wazazi. Tutafungua mwezi wa Oktoba, na hiyo ndiyo -ta- ya pekee tuliyoiacha bila sharti.