Gari la Zamani Linapokataa Kuwaka Asubuhi ya Baridi



Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua baridi. Ikifika Juni na Julai, huko Makete na Njombe watu huamka wakakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Huko hata mbwa hataki kutoka jikoni.

Baridi hiyo inasumbua watu. Inasumbua na magari pia, hasa ya zamani, kama vile Land Rover za miaka ya 1970 na pikapu zenye kabureta. Mchana gari linawaka mara moja. Usiku wa manane mama mjamzito anashikwa na uchungu, hospitali iko mbali, na gari linakataa. Watu wanalizunguka. Mmoja anasema, "Piga tena, dereva! Piga tena!" Dereva anapiga tena na tena. Mwisho betri inakwisha kabisa. Tatizo lilikuwa moja, sasa yamekuwa mawili. Na mama bado yuko pale pale.

Je, tufanye nini? Jibu ni hili: tusibahatishe. Mganga wa zahanati hatoi dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa maswali. Na sisi tuliulize gari maswali, moja baada ya jingine.

KWA NINI BARIDI HULETA TABU?

Kwanza, betri ikipoa hupungua nguvu. Pili, oili ya injini huwa nzito kama asali ya asubuhi, kwa hiyo injini inakuwa ngumu kuzungushwa. Hapo ndipo ilipo shida: kazi imeongezeka, na mfanyakazi amedhoofika.

Tatu, petroli haigeuki kuwa mvuke upesi. Kinachowaka ndani ya injini ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, siyo petroli ya majimaji. Ndiyo maana magari yenye kabureta yana choki. Ukivuta choki, hewa inapunguzwa, na petroli inakuwa nyingi zaidi katika mchanganyiko.

Gari jipya huvumilia mambo haya. Gari la zamani lina kasoro ndogondogo ambazo wakati wa joto hujificha. Baridi ndiyo inayozifichua.

SWALI LA KWANZA: JE, INJINI INAZUNGUKA?

Washa taa kubwa, kisha piga stata. Mwenzako asimame pembeni atazame taa.

Ikiwa taa zinafifia sana, na injini inazunguka kwa uvivu au inasema "ta-ta-ta" tu, umeme hautoshi. Lakini usikimbilie kununua betri! Tazama kwanza vichwa vya betri. Je, vina unga mweupe au wa kijani? Je, waya zinacheza ukizishika? Halafu fuata ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye chesisi. Waya huu watu wengi huusahau. Ukilegea au ukiingia kutu pale ulipofungwa, hata betri mpya haitasaidia. Fungua, kwaruza kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha funga kwa nguvu. Anza kufungua waya wa chesisi, na uwe wa mwisho kufungwa. Ukifanya hivyo, spana ikigusa bodi haitaleta cheche.

Ikiwa taa zinabaki na mwanga ule ule na injini iko kimya, betri huenda ni nzima. Umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu.

Kama yuko mtu mwenye mita, apime betri ikiwa imepumzika. Betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12 au chini ya hapo, imekaribia kuwa tupu.

SWALI LA PILI: JE, PETROLI INAFIKA?

Swali hili ni la injini ya petroli inayozunguka vizuri lakini haiwaki. Vuta choki. Piga stata kwa sekunde 10, siyo zaidi. Pumzika dakika moja, maana betri nayo inahitaji kuvuta pumzi. Ikikataa mara tatu, acha. Funua boneti.

Toa plagi moja uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Angalia tangi, chujio, pampu, na kama choki inafunga kweli ukiivuta. Mara nyingi waya wake umekatika, dereva anavuta bure.

Ikiwa plagi imelowa na petroli inanuka, petroli inafika, labda imezidi. Rudisha choki ndani. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, usipampu, kisha piga stata. Hewa nyingi itaingia na kuikausha injini.

SWALI LA TATU: JE, MOTO UPO?

Plagi ikiwa imelowa na gari bado linakataa, pima cheche. Ile plagi uliyoitoa irudishe kwanza mahali pake. Usiache tundu wazi, maana mvuke wa petroli unaweza kutoka na kushika moto. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono mtupu. Mwenzako apige stata.

Cheche ikiwa ya buluu na inalia "ta!", moto upo. Ikiwa nyekundu na hafifu, au haipo, fungua kifuniko cha distributa. Asubuhi za ukungu, maji hukaa humo. Futa kwa kitambaa kikavu. Safisha pointi. Tazama waya za koili. Angalia pia nafasi katika ncha ya plagi: kwa magari mengi ya zamani ni karibu robo tatu ya milimita. Ikipanuka sana, cheche hushindwa kuruka.

NA GARI LA DIZELI JE?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Yenyewe hubana hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, na joto hilo ndilo linalowasha dizeli. Injini ikiwa baridi, joto hilo halitoshi. Kwa hiyo injini nyingi za zamani zina hita plagi za kupasha moto kwanza.

Hapa kipimo chako ni moshi. Piga stata, mwenzako atazame nyuma ya gari. Akiona moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiwaki. Joto ni dogo: hita plagi hazifanyi kazi, au stata inazungusha polepole. Asipoona moshi wowote, dizeli haifiki. Huenda hewa imeingia katika mirija, au maji yamejaa katika chujio.

Wenye Land Rover za dizeli za zamani, injini ya lita 2.25, sikilizeni. Kama zilivyotoka kiwandani, hita plagi zake nne zimeungwa kwa mfuatano. Umeme hupita katika ya kwanza, ndipo ufike katika ya pili, mpaka ya nne. Moja ikikatika, zote nne zinakuwa baridi. Kwa hiyo usiambiwe "zote zimekufa, nunua nne." Tafuta kwanza ile moja iliyokatika.

JIHADHARI NA MAMBO HAYA

Usimimine petroli ndani ya kabureta huku mwenzako anapiga stata. Moto unaweza kuruka juu na kukuunguza uso.

Usiwashe kuni wala makaa chini ya injini ili kuipasha joto. Pana mafuta pale. Utapoteza gari lote.

Usiache gari linaunguruma ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo inaua.

Ukiwasha injini ya petroli kwa hendeli, hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe. Injini ikirudi nyuma ghafla, itakivunja.

TUJIANDAE MAPEMA

Tusingoje usiku wa shida. Mwishoni mwa Mei, kabla baridi haijakaza, kagua betri, waya, plagi na oili. Tumia oili inayotakiwa na injini yako, siyo nzito kuliko hiyo. Usiku egesha gari mahali penye mteremko, uweke mawe imara kwenye magurudumu.

Na jambo la mwisho. Sasa tunajua kusoma na kuandika. Basi, ndani ya gari pawe na daftari. Gari likisumbua, andika tarehe, ulichosikia, ulichoona, na ulichofanya likawaka. Fundi akija, msomee. Fundi anayejua kwamba taa zilififia, au kwamba moshi ulikuwa mweupe, hatabahatisha kwa fedha zako. Naye mama mwenye uchungu hatasubiri mpaka kuche.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taa zikibaki na mwanga ule ule na stata iko kimya, utaangalia wapi?
2. Plagi ikiwa kavu, maana yake nini?
3. Kijijini kwetu, nani atakuwa na kazi ya kukagua gari kila mwisho wa Mei?