Filme imekwisha: itumwe festivali gani kwanza?

Filme ya dakika 12 imekwisha. Ilichukuliwa Katuba, watu wanaongea Kiswahili cha Lubumbashi, na makuta iliyobaki ni dola 60. Kijana aliyeitengeneza anafungua intaneti, anakuta kuko mamia ya festivali, na nyingi zinadai malipo kabla hata ya kuangalia. Hapo ndipo wengi wanapotea. Dola zinaenda kwa majina makubwa matatu, miezi sita inapita, hakuna jibu, na filme inazidi kuzeeka.

Kuzeeka si mchezo wa maneno. Festivali nyingi hazipokei filme iliyopita mwaka mmoja au miwili. Tena zile kubwa zinataka kuwa za kwanza kuionyesha. Filme ikiwekwa YouTube, hata siku mbili tu juu marafiki waone, inaweza kujifungia mlango wa Berlin ao wa Cannes. Kwa hiyo sheria za kila festivali zinasomwa kabla ya kuonyesha popote, hata hapa mujini.

Baada ya hapo swali si "festivali gani kubwa?" bali "nani aliitengenezea filme kama hii nafasi?" Mfano mzuri uko Ujerumani. Saarbrücken kuna festivali ya Max Ophüls, maarufu kwa vijana wanaoanza sinema, lakini ni ya wale wa nchi za Kijerumani. Filme ya Katuba ikikataliwa pale si kwa sababu ni mbaya. Haikuwa mahali pake tu. Katika nchi ileile, Oberhausen inashughulikia filme fupi tangu 1954 na inapokea za dunia nzima. Köln nako kuna festivali ya filme za Afrika. Nchi moja, milango mitatu, na mmoja umefungwa tangu mwanzo.

Huku Afrika, FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza 1969, inafanyika kila miaka miwili: 2023, 2025. Anayekosa tarehe ya kutuma anaweza kukuta filme yake imepita umri kabla ya zamu inayofuata. Hiyo ni kalenda ya kupanga mapema, ikiwezekana kabla hata ya kumaliza kukata picha.

ZIFF ya Zanzibar iko karibu zaidi kwa lugha, ila si sana kama watu wanavyofikiri. Muzanzibari atasikia nusu ya maneno ya Katuba, nusu nyingine atacheka bila kujua kwa nini. Maandishi ya chini, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, ni lazima. Yafanywe na mtu anayejua lugha kweli. Mashine haijui Kiswahili cha Kamalondo.

Na njia ya Dieudo Hamadi wa Kisangani inastahili kuangaliwa. Mwaka 2010 alifika Berlin, si na filme yake ndefu, bali ndani ya "Congo in Four Acts", filme fupi nne za vijana zilizotoka kwenye mpango wa mafunzo na kuunganishwa pamoja. Mwaka 2017 akarudi Berlin na "Maman Colonelle", filme yake mwenyewe. Mtoto wa Lubumbashi Baloji naye alipata tuzo Cannes mwaka 2023 kwa "Augure", lakini alikuwa ametengeneza filme fupi kabla.

Sasa zile dola 60. Kabla ya kulipa, iandikwe barua pepe fupi ya kuomba kusamehewa malipo. Baadhi ya festivali zinakubali, na kuomba hakugharimu kitu. Kisha yachunguzwe mambo mawili: festivali ina sala ya kweli yenye watu? Walioonyesha mwaka jana wanaonekana wapi? Ile inayogawa tuzo kila mwezi, bila sala, kwa kila aliyelipa, inauza picha ya majani ya ushindi ya kubandika kwenye afishi. Hakuna anayeiheshimu.

Ikikubaliwa, kitu cha kuuliza siku hiyohiyo ni kama festivali inalipa tiketi na kulala, na barua ya mwaliko itatumwa lini. Visa haingoji.