Kamera ilivyotia mchanga kitumbua changu

Jamani, nami yamenikuta! Miaka mingi nilikula kwa brashi hapa Mwanza: vibao vya saluni, bucha, gereji. Yakaja mabango ya kompyuta. Mteja mmoja wa Mkuyuni akanipa kavukavu: "Mshikaji, nataka sura kama ya picha." Nikabaki naangalia ziwa.

Kumbe si mimi wa kwanza. Kamera ilipotangazwa Paris mwaka 1839, wachoraji wa sura walihaha. Mashine inaiga, wao wafanye nini? Claude Monet na wenzake wakatoka nje kuwinda mwanga. Maonyesho yao ya 1874 yalichekwa, eti picha hazijamalizika! Leo zinauzwa mamilioni ya dola. Mwaka 1907 Picasso akavuka mpaka kabisa: akachora wanawake watano, wawili wana nyuso kama vinyago vya kwetu Afrika. (Halafu sisi ndio tunaambiwa tunaiga!)

Na Edward Saidi Tingatinga? Mwaka 1968, Dar es Salaam, alichukua hadibodi na rangi za kung'aa, akachora wanyama anavyowaona yeye. Polisi walimpiga risasi mwaka 1972, wakidhani ni mhalifu. Mtindo wake haukufa. Wanafunzi wake waliushika.

Basi juzi nikadamka, nikaenda karibu na kivuko cha Kamanga, nikalichora Jiwe la Bismarck kwa rangi ya zambarau. Jirani kasema jiwe linaumwa. Lakini mgeni mmoja ameuliza bei. Sijamjibu, naogopa kutaja ndogo.