Njia ya Machu Picchu

Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iko milima mirefu iitwayo Andes. Kila mwaka wageni wengi huja kuipanda kwa miguu. Wanataka kuuona mji wa kale wa Machu Picchu, uliojengwa na Wainka karibu miaka 600 iliyopita.

Njia ni ya kilometri 43, mwendo wa siku nne. Wainka ndio walioitandika mawe. Siku ya pili ni ngumu kupita zote, maana msafiri hupanda mpaka metri 4215. Huko juu hewa ni haba. Hatua kumi tu, pumzi imekwisha. Kichwa kinauma, hata kijana mwenye nguvu anaketi chini. Wapagazi wa milima ile wanampita na mizigo mgongoni! Zamani walibebeshwa mizigo mizito mno. Mwaka 2001 ikatungwa sheria, mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20.

Baadaye njia inashuka katika msitu wenye ukungu na mvua nyingi. Siku ya nne mji unaonekana, umekaa juu ya mgongo wa mlima.

Tarehe 24 Julai 1911 alifika huko Hiram Bingham, mwalimu kutoka Marekani. Watu walisema kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua mji. Lakini mkulima Melchor Arteaga ndiye aliyemwonyesha njia, na huko juu mtoto mmoja akamwongoza katikati ya magofu. Jamaa za wakulima walikuwa wakikaa palepale, wakilima mahindi katika matuta ya Wainka. (Mahindi ya mashamba ya Kongo nayo asili yake ni Amerika.)

Je, kwa nini mvua haikuchukua udongo wa matuta hayo miaka yote ile? Wainka hawakuwa na vyombo vya chuma, wala hawakutumia gurudumu, lakini tabia ya maji waliijua sana. Walijenga ukuta wa mawe kando ya mteremko. Nyuma yake waliweka mawe makubwa chini, juu yake changarawe, kisha mchanga, na mwisho udongo mzuri wa kulima. Maji yanapenya polepole, yanatoka chini, na udongo unabaki. Ndani ya mji walitoboa kuta mahali zaidi ya mia, maji yapate kupita. Mvua inayonyesha leo ingali inapita humo.