TUMBAWE NALO LINA LINDO LAKE

Wengi wetu tunaoishi mbali na bahari hudhani ya kuwa tumbawe ni jiwe tu. La hasha! Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wenye vinywa na minyiri, waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho, ambao kwa nguvu ya mwanga huwapatia sehemu kubwa ya chakula chao. Basi, atakaye kufuga matumbawe nyumbani katika tangi la kioo na ajue kwamba anafuga mnyama asiyeweza kuhama. Mahali atakapomweka ndipo atakapoishi au kufa.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, nchini Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani namna ya kufuga viumbe hao kwa maji ya bahari, mawe yenye uhai, mapovu ya hewa na mwanga wa jua. Siku hizi walio mbali na pwani huchanganya chumvi maalum, gramu 35 hivi kwa lita, huweka joto baina ya nyuzi 24 na 27, na huwasha taa za umeme.

Kazi hasa ni kupanga. Akropora yenye matawi hutaka mwanga mkali na maji yaendayo kwa nguvu. Hiyo huwekwa juu. Matumbawe ya umbo la uyoga huridhika chini, penye kivuli. Lakini tumbawe geni lisipandishwe juu siku ileile, kwani mwanga wa ghafula huweza kulifanya liufukuze mwani wake, likawa jeupe na kufa njaa. Lianzie chini, lipandishwe polepole kwa majuma kadhaa.

Tena ni majirani wagomvi, jambo ambalo halitamshangaza askari wa polisi. Galaksea hurefusha minyiri yake yenye sumu usiku, ikamchoma jirani aliye umbali wa shubiri nzima. Asubuhi utakuta mifupa mitupu.

Lililostawi hukatwa kipande, kikagandishwa kwa gundi juu ya jiwe, nacho hukua kikawa tumbawe jingine. Hivyo mfugaji huongeza mali yake bila kuipora bahari. Matumbawe magumu yaliyo hai yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kwa biashara kwahitaji kibali. Askari wa mpakani akikuta mifuko ya maji yenye "vijiwe" vya rangi, aulize hati kabla ya kuiruhusu ipite.