Konokono kofia na ndugu zake wa kichocho

Je, msomaji, umewahi kugeuza jani la yungiyungi lililotolewa bwawani? Ukitazama vizuri upande wa chini, huenda ukaona kitu kilichoganda hapo, kidogo kuliko punje ya mchele. Wengi hudhani ni uchafu. Kumbe ni konokono. Wataalamu humwita Ferrissia, na gamba lake halikujisokota kama la konokono wengine, bali limemfunika kama kawa lifunikavyo chakula.

Konokono huyu ni dume na jike kwa pamoja, na aweza kutaga mayai yenye uhai bila mwenzi. Mmoja tu aliyenata kwenye gugu la maji anatosha kuanzisha ukoo katika bwawa jipya. Bwawa likikauka, baadhi yao hujenga ukuta ndani ya gamba, wakajifungia humo kungoja mvua. Ndivyo aina moja ya Marekani Kaskazini ilivyoenea Ulaya na Asia katika karne ya 20, ikibebwa hasa na mimea ya matangi ya samaki wa mapambo.

Yahusu nini afya yako? Yahusu, kwa sababu ya ukoo. Ferrissia ni ndugu wa karibu wa Bulinus na Biomphalaria, konokono wanaotunza vimelea vya kichocho hapa Kenya. Huko India, katika miaka ya 1950, madaktari waliochunguza kichocho cha mkojo katika kijiji cha Gimvi walimshuku Ferrissia mwenyewe. Hapa kwetu wenye lawama ni hao ndugu zake: Biomphalaria kando ya Ziwa Victoria na mashamba ya mpunga ya Mwea, Bulinus huko Kwale, Kilifi na bonde la Mto Tana. Nao pia waweza kuzaa bila mwenzi. Kwa hiyo usimwage mtoni maji wala mimea ya tangi lako la samaki.

Usidhani kuwa kuishi mjini ni kinga. Ukienda likizo ukaoga ziwani dakika chache tu, vijidudu vilivyotoka ndani ya konokono vyaweza kupenya ngozi yako bila wewe kuhisi lolote. Vikikosa mtu, hufa kwa muda wa siku mbili hivi. Ndiyo sababu maji ya kuoga yaliyotekwa na kuwekwa siku mbili, bila konokono ndani, huwa na hatari ndogo.

Damu kwenye mkojo au choo si jambo la kuonea haya. Mwone daktari. Dawa yake ni praziquantel, lakini haiwaui vizuri minyoo wachanga. Hivyo hata kama hujisikii vibaya, kapimwe majuma sita hadi manane baada ya kuingia majini, na umweleze daktari ni maji ya wapi.